Wi-Fi inashika kwenye simu, kompyuta inagoma: Tatizo liko wapi?

Ni saa nne usiku. Dirisha la maombi linafungwa saa 5:59, na kompyuta iliyokuwa ikifanya kazi vizuri mchana sasa inaonyesha imeunganishwa na Wi-Fi lakini haina intaneti. Simu iliyo pembeni, kwenye Wi-Fi hiyohiyo, inacheza video bila kukwama. Hali hii wanaijua vizuri waombaji wa mikopo ya elimu ya juu, wafanyabiashara wanaowasilisha ritani za kodi mtandaoni na yeyote anayefanyia kazi nyumbani.

Kinachofuata mara nyingi ni safari ya kwa fundi, na jibu la mafundi wengi linajulikana: "Hii tuipige Windows." Kupiga Windows upya kunaweza kweli kumaliza tatizo, ila kunaweza pia kuondoka na picha, kazi za chuo na mahesabu ya duka ambayo hayakuhifadhiwa mahali pengine. Na kwa matatizo mengi ya Wi-Fi ya nyumbani, wala hakuhitajiki.

Wi-Fi na intaneti si kitu kimoja. Wi-Fi ni mawimbi ya redio kati ya kompyuta na rauta, safari ya mita chache ndani ya nyumba. Intaneti ni safari ya pili, kutoka kwenye rauta kwenda kwa mtoa huduma na kuendelea mpaka nje ya nchi. Kompyuta inaweza kushika Wi-Fi kwa nguvu zote na bado isifungue ukurasa hata mmoja kwa sababu safari ya pili imekatika. Kabla ya kugusa mipangilio yoyote, cha kutafuta ni kimoja: imekatika wapi?

Simu ndiyo kipimo cha kwanza

Kipimo kizuri kipo mkononi tayari, lakini wengi hukitumia vibaya. Mtu anafungua simu, anaona WhatsApp inafanya kazi, anasema rauta iko poa. Kumbe simu imeona Wi-Fi haina intaneti, ikahamia kimyakimya kwenye bando. Kwa hiyo kwanza azime data ya simu, abaki na Wi-Fi peke yake, kisha afungue tovuti ambayo hajawahi kuitembelea, ili simu isimwonyeshe ukurasa uliohifadhiwa.

Simu nayo ikigoma, kompyuta haina kosa. Tatizo liko kwenye rauta au kwa mtoa huduma.

Simu ikifanya kazi, kuna kipimo cha pili: awashe data, awashe hotspoti ya simu, kisha aunganishe kompyuta huko. Kompyuta ikipata intaneti kupitia hotspoti, maana yake kadi yake ya Wi-Fi ni nzima na Windows yake si mbovu. Shida ni mapatano kati yake na rauta ile. Ikikataa hata hotspoti, basi tatizo liko ndani ya kompyuta yenyewe. Vipimo hivi viwili havichukui dakika tano, na vinaokoa hela ya fundi.

Tahadhari moja kuhusu hotspoti: kompyuta ya Windows ikipata mtandao huanza kupakua masasisho, na bando la wiki linaweza kuisha kabla fomu haijajazwa. Kwenye mipangilio ya mtandao huo kuna swichi ya "Metered connection". Ikiwashwa, Windows hupunguza sana upakuaji wa nyuma ya pazia. Iwashwe mara tu baada ya kuunganisha.

Vyote vikigoma

Hapa dawa ya kwanza ni ile ambayo kila mtu wa huduma kwa wateja huitaja, na ni dawa kweli: kuzima rauta, kuchomoa waya wa umeme, kusubiri nusu dakika, kuwasha na kusubiri dakika mbili au tatu. Rauta ni kompyuta ndogo. Hujaza kumbukumbu na hukwama kama kompyuta nyingine, hasa ikikaa wiki kadhaa bila kuzimwa.

Wengi hukosea kwa kuchanganya kuzima na kubonyeza kitundu cha "Reset" kwa pini. Kitundu hicho hakiwashi upya, kinafuta. Jina la Wi-Fi, nenosiri na mipangilio yote hurudi kama ilivyotoka kiwandani. Kwa rauta ya laini ya simu, pengine mtu ataingiza nenosiri lililobandikwa chini yake na kuendelea. Kwa baadhi ya rauta za faiba, hata taarifa za kuingilia kwa mtoa huduma zinaweza kufutika, na hapo ni kusubiri fundi wa kampuni aje. Ukiwa na haraka ya saa 5:59, hilo si jambo la kujaribu.

Wenye faiba waangalie kisanduku cha ukutani. Kina taa iliyoandikwa LOS. Ikiwaka au kupepesa nyekundu, mwanga haufiki kutoka kwa mtoa huduma: waya umekatika, umechomoka au umekunjwa kupita kiasi nyuma ya kabati. Hakuna mpangilio wa kompyuta utakaorekebisha hilo. Wenye rauta za laini ya simu waangalie salio la kifurushi kwanza. Inaonekana ni jambo la kitoto, lakini kifurushi kikiisha Wi-Fi haizimiki. Inabaki inashika vilevile, bila intaneti.

Na kuna siku kosa liko mbali kabisa na nyumba. Mei 12, 2024, nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilipata hitilafu kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na intaneti ikayumba Tanzania, Kenya na nchi nyingine za ukanda huu. Siku kama hiyo hata kompyuta mpya ya dukani isingesaidia.

Umeme nao una sehemu yake. Ukikatika na kurudi, kompyuta mpakato yenye betri huendelea kuwaka huku rauta ikianza upya, na wakati mwingine kompyuta hushikilia mawasiliano ya zamani ambayo rauta imeshayasahau. Kuzima Wi-Fi ya kompyuta na kuiwasha tena hutosha. Wanaonunua betri ndogo za kuendeshea rauta umeme ukikatika wasome kwanza kibandiko cha rauta: nyingi hutumia volti 12, lakini zipo za volti 9 na 5. Volti 12 kwenye rauta ya volti 9 ni njia ya haraka ya kuiunguza.

Kompyuta haioni mtandao wowote

Orodha ikiwa tupu kabisa, hata Wi-Fi za majirani hazionekani, kitu cha kwanza ni swichi. Kompyuta mpakato nyingi za zamani zina kitufe kidogo pembeni au mbele cha kuzima redio, na mpya zina kitufe cha kibodi chenye alama ya ndege au mnara, kinachobonyezwa pamoja na Fn. Mtoto akicheza na kibodi, au mtu akifuta vumbi, Wi-Fi imezimwa. Waangalie pia kama "Airplane mode" imewashwa.

Kisha kuna suala la kuzima. Tangu Windows 8, kubonyeza "Shut down" mara nyingi hakuizimi Windows kabisa. Sehemu ya mfumo huhifadhiwa kwenye diski ili kompyuta iwake haraka, na hitilafu ya jana inahifadhiwa nayo. "Restart" ndiyo inayoanza upya kweli. Mtu anaweza kuzima na kuwasha mara tano usiku mzima bila mabadiliko, akabonyeza "Restart" mara moja tu na Wi-Fi ikarudi.

Bado haioni? Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na X, chagua "Device Manager", fungua sehemu ya "Network adapters". Kadi ya Wi-Fi ikiwa na alama ya njano, au haipo kabisa, kinachokosekana mara nyingi ni draiva, ile programu ndogo inayoifundisha Windows namna ya kuongea na kadi. Hii ni kawaida sana kwa kompyuta iliyotoka kupigwa Windows. Fundi alimaliza kazi, akasahau draiva, mteja akarudi nyumbani na kompyuta safi isiyo na Wi-Fi.

Hapo linazuka fumbo: draiva inapatikana kwenye intaneti, na kompyuta haina intaneti. Jibu ni waya wa USB wa kuchajia simu, mradi uwe ule unaopitisha data na si wa chaji peke yake. Simu ya Android ichomekwe kwenye kompyuta, kisha kwenye mipangilio ya hotspoti iwashwe "USB tethering". Kwa kawaida kompyuta huiona simu kama kadi ya mtandao bila kuhitaji kitu kingine. Kizuri zaidi, simu nyingi zikiwa kwenye Wi-Fi ya nyumbani hupitisha hiyo Wi-Fi kupitia waya, bando haliguswi. Mtu mwenye haraka anaweza kutuma maombi yake kwa njia hii na kushughulikia draiva kesho. Draiva yenyewe ichukuliwe kwenye tovuti ya kampuni iliyotengeneza kompyuta, kwa namba ya modeli iliyo chini yake. Zile programu zinazojitangaza kuwa zitasasisha draiva zote kwa mbofyo mmoja ziachwe. Nyingi huja na matangazo, na baadhi huja na mabaya zaidi.

Inaona za majirani, haioni ya kwake

Hii inawachanganya watu kuliko zote, na ina maelezo mazuri. Rauta za sasa hurusha mawimbi ya aina mbili: gigahezi 2.4, yanayopenya ukuta vizuri lakini ni ya polepole, na gigahezi 5, yenye kasi lakini huchoka haraka yakikutana na zege. Kompyuta nyingi za zamani zina kadi inayosikia 2.4 tu. Rauta ikirusha 5 peke yake, kwa kompyuta hiyo ni kama haipo.

Kuna kisa kingine kinachohusu kompyuta za mitumba zilizoanzia Marekani. Mawimbi ya 2.4 yamegawanywa kwenye chaneli, na Marekani vifaa vya nyumbani hutumia chaneli 1 hadi 11. Sehemu kubwa ya dunia hutumia hadi 13. Rauta ikiachiwa ijichagulie chaneli, siku moja inaweza kuamka kwenye chaneli ya 12 au 13, na kadi iliyopangwa kwa soko la Marekani isiione kabisa. Jana ilikuwepo, leo haipo, hakuna aliyegusa kitu.

Sababu ya tatu ni usalama. Rauta mpya zinaweza kuwekwa kwenye WPA3 peke yake. Windows 7 haiijui WPA3 kabisa, na Windows 10 ilianza kuikubali kwenye toleo la 1903, la mwaka 2019, tena kama kadi na draiva zinaruhusu.

Zote tatu hurekebishwa sehemu moja, kwenye ukurasa wa rauta, na simu inatosha kuufungua. Anwani yake imeandikwa kwenye kibandiko cha rauta. Mara nyingi ni 192.168.1.1, 192.168.0.1 au 192.168.8.1, inaandikwa kwenye kivinjari kama tovuti. Ndani humo iwashwe 2.4, chaneli ichaguliwe 1, 6 au 11 badala ya kuachwa ijichagulie, na usalama uwekwe WPA2 au WPA2/WPA3 kwa pamoja. Chaneli hizo tatu hupendekezwa kwa sababu haziingiliani zenyewe kwa zenyewe.

Imeunganishwa, lakini haina intaneti

Kabla ya amri zozote za kitaalamu, angalia saa. Saa ya kompyuta, pale kona ya chini.

Tovuti nyingi leo hujitambulisha kwa cheti cha usalama chenye tarehe ya kuanza na ya kuisha. Kompyuta inayodhani leo ni Januari 2015 hukiona cheti bado hakijaanza kutumika, basi inakataa kufungua ukurasa na kutoa onyo kwamba mawasiliano si salama. Mtu anasema mtandao unazingua, kumbe ni kalenda. Kompyuta za mezani zilizotumika ndizo zenye tabia hii: ndani yake kuna betri ndogo ya duara kama sarafu, kwa kawaida CR2032, inayotunza saa umeme ukiwa umezimwa. Ikifa, kila umeme ukikatika kompyuta inarudi miaka kumi nyuma. Kurekebisha tarehe kwa mkono kunatosha kwa usiku huo, na betri mpya ni ya bei ndogo.

Tarehe ikiwa sahihi, mtumiaji aangalie kama kuna VPN. Nyingi zina kinga inayokata intaneti yote VPN yenyewe inapopoteza mawasiliano, na jaribio la siku saba likiisha, hali inaweza kuwa hiyohiyo. Izimwe au iondolewe kabisa. Antivairasi iliyoisha muda nayo iwekwe kwenye orodha ya washukiwa.

Hatua inayofuata ni kuusahau mtandao na kuuingia upya. Kwenye orodha ya Wi-Fi, bonyeza "Forget" kwa jina la mtandao, kisha ingiza nenosiri upya. Hii huponya kesi nyingi ambapo nenosiri la rauta lilibadilishwa na kompyuta bado inabisha hodi kwa ufunguo wa zamani.

Bado? Bonyeza Windows na R kwa pamoja, andika cmd, kwenye dirisha jeusi andika ipconfig. Cha kutazama ni namba ya IPv4. Rauta humpa kila mgeni namba yake, na nyumbani kwa kawaida inaanza na 192.168 au 10. Ikianza na 169.254, kompyuta haikupewa namba, ikajipa yenyewe. Imesimama mlangoni tu, ndani haijaingia. Andika ipconfig /release, halafu ipconfig /renew. Ikiendelea kukataa, kuna uwezekano rauta imefikia kikomo cha vifaa, jambo linalotokea sana kwa vile virauta vidogo vya mfukoni. Ondoa simu mbili tatu, jaribu tena. Uwezekano mwingine ni kwamba kompyuta hiyo ilitumika ofisini na ikapangiwa namba ya kudumu ya huko. Kwenye mipangilio ya Wi-Fi, sehemu ya namba za IP, irudishwe kwenye "Automatic (DHCP)".

Namba ikiwa nzuri, andika ping 8.8.8.8. Majibu yakirudi wakati tovuti hazifunguki, intaneti ipo. Kilichokufa ni DNS, ile huduma inayogeuza jina la tovuti kuwa namba. Mtumiaji anaweza kuweka DNS ya 8.8.8.8, ya Google iliyoanza 2009, au 1.1.1.1 ya Cloudflare iliyoanza 2018, kisha aandike ipconfig /flushdns kusafisha kumbukumbu ya zamani.

Inashika na kuachia

Wi-Fi inayokatika kila baada ya dakika kumi ina tabia tofauti. Kwa kompyuta mpakato, mshukiwa wa kwanza ni ubanaji wa umeme. Kwenye "Device Manager", kadi ya Wi-Fi ikibonyezwa mara mbili, kwa baadhi ya kompyuta kuna ukurasa wa "Power Management" wenye ruhusa ya kuizima kadi ili kutunza chaji. Alama hiyo iondolewe.

Mengine ni ya nyumba yenyewe. Nondo ndani ya zege, vioo vikubwa, tenki la maji na friji ni maadui wa mawimbi. Rauta ikifichwa ndani ya kabati la televisheni, chumba cha mwisho kitateseka. Maikrowevu hutumia masafa ya 2.4, kwa hiyo Wi-Fi inayoanguka kila chakula kinapopashwa haina uchawi. Na wanaotumia adapta ndogo ya Wi-Fi ya USB waiweke mbali na diski ya nje ya USB 3.0, kwa sababu vifaa hivyo hutoa kelele kwenye masafa hayohayo. Waya wa kurefusha wa nusu mita unaweza kubadilisha kila kitu.

Watumiaji wa Mac wana njia fupi: kubonyeza alama ya Wi-Fi huku wameshikilia kitufe cha Option huonyesha chaneli, nguvu ya mawimbi na anwani ya rauta papo hapo.

Kabla ya kwa fundi

Windows 10 na 11 zina kitufe cha "Network reset" kwenye mipangilio ya mtandao. Kinafuta Wi-Fi zote zilizohifadhiwa pamoja na nenosiri zake na kuweka kadi upya, lakini hakigusi faili za mtu. Ndiyo tofauti yake kubwa na kupiga Windows, na ndiyo sababu inafaa itangulie.

Hata hiyo ikishindikana, na hotspoti nayo ilikataa, kuna uwezekano mkubwa kadi yenyewe imekufa. Kwa kompyuta mpakato nyingi kadi ni kipande kidogo chenye nyaya mbili za antena, kinachofunguliwa na kubadilishwa. Kwenye baadhi ya nyembamba za kisasa imeunganishwa moja kwa moja kwenye bodi. Baadhi ya HP na Lenovo za zamani hukataa kadi isiyokuwa kwenye orodha yao, kwa hiyo fundi aulizwe kabla hajanunua. Asiyetaka kufunguliwa kompyuta anunue adapta ya USB, aichomeke na kuendelea. Na kwa vyovyote vile, faili zinakiliwe kwenye flashi kabla kompyuta haijatoka nyumbani.